Mwenyekiti na Kiwango Kilichochapishwa

Miaka ile, mtu wa kwetu akitaka kujua urefu wa kitu chochote, alikwenda kumwazima Mwenyekiti. Nasema kumwazima kwa sababu hilo ndilo neno lililotumika. Watu walifika kwake asubuhi, wakamwambia mkewe wanaomba Mwenyekiti mpaka jioni, naye mama wa watu alijibu wamchukue tu, ila wamrudishe kabla ugali haujapoa.

Sababu ilikuwa kiatu chake cha mguu wa kulia. Alikuwa amefanya kazi ya stoo miaka mingi katika karakana ya reli, na siku moja fundi mmoja, kwa mzaha au kwa kukosa kazi, alikipima kiatu kile na kukikuta ni futi moja kamili, kuanzia kisigino mpaka ncha. Mwenyekiti hakulichukua kama mzaha. Alistaafu na kiatu chake, akarudi nacho kijijini kwetu, pale ziwani nje kidogo ya Kisegi, na mguu ule haukuvaa kingine tena. Wa kushoto ulivaa chochote kilichopatikana: raba ya mtu aliyehamia Kisumu, au akala za tairi, na siku za tope haukuvaa kitu. Soli ya kulia ikilika, fundi wa viatu alibadilisha huku Mwenyekiti amemsimamia, akimkumbusha kwamba akizidisha hata unywele atakuwa ameharibu mashamba ya watu.

Maana mashamba yalipimwa kwa kiatu kile. Mitumbwi pia, na milango, na mapaa ya jiko. Ndugu wawili wakigombania mpaka, Mwenyekiti alitembea kisigino kwa ncha, kisigino kwa ncha, na wale ndugu nyuma yake kimya, kila mmoja akihesabu moyoni na kuomba mwenzake akosee. Akipata njaa katikati ya shamba aliacha kiatu pale pale alipofikia, akaenda kula peku, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Alikuwa na imani moja kubwa, na alimwambia kila mtu, hata wasiomuuliza. Kila kitu kinachotengenezwa duniani, alisema, kimeandikwa mahali kitengenezweje, kikachapishwa, kikapigwa mhuri. Kazi ya mwanadamu ni kujua mahali hapo ni wapi. Kule reli, bolti haikuingia kwenye behewa bila karatasi yake ya kiwango, na aliyeiingiza bila karatasi alirudishwa kwao. "Sisi hapa tunaishi katikati ya bolti yatima," alikuwa akisema, akitutazama kwa huruma.

Kanisani alituaibisha. Wanaume walitengeneza mabenchi mapya, wakayaleta kwa nyimbo, na Mwenyekiti akakaa juu ya la kwanza, akainuka, akauliza lilitengenezwa kwa kiwango gani. Seremala akasema kwa kiwango cha mbao alizokuwa nazo. Mwenyekiti akatangaza kwamba yeye hatakaa juu ya benchi hilo mpaka kiwango chake kipatikane, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, wengine waliona haya kukaa wakati yeye amesimama. Tukasali wima kutoka Kwaresima hadi baada ya Pentekoste. Ilikwisha siku mama mmoja mnene alipochoka, akakaa kwa kishindo, na benchi likavumilia. Mwenyekiti akasema hilo linahesabika kama jaribio.

Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeegemea upande kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Mlango wake ulifungwa kwa kuinuliwa na kusukumwa kwa goti. Ukimuuliza, alisema nyumba ile ilijengwa kabla hajajua, na sheria mpya haiangalii nyuma. Mkewe alikuwa mkali zaidi. Alisema bwana huyu amepima nyumba zote za lokesheni isipokuwa ile inayovuja juu ya kitanda chake.

Hawakuwa na watoto. Yaani walikuwa nao na wakawazika wote wakiwa wachanga, zamani, kabla mimi sijaolewa kule. Hilo hakulisema hata siku moja, wala mkewe. Niliambiwa na wanawake kisimani, kwa sauti ya chini, na tangu hapo nilimvumilia mambo mengi ambayo nisingemvumilia mtu mwingine.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wake. Nilizaliwa upande wa Migori, karibu na soko la ng'ombe la Ogwedhi, ambako Mjaluo, Mkuria na Mmasai hawauziani hata kamba bila Kiswahili, na baba yangu alinipeleka shule kwa sababu alichoka kudanganywa na watu wenye kalamu. Kwa hiyo kamati ya zahanati ilipoundwa chini ya Mwenyekiti, wakatafuta mtu wa kuzungumza na maofisa, wakaangalia huku na huku, wakanikuta mimi. Watu waliniita Nyar Ogwedhi, binti wa Ogwedhi. Kwa mila, Mwenyekiti alikuwa upande wa wakwe zangu, na mkwe hakai karibu na mke wa mwana. Yeye alilitatua jambo hilo siku ya kwanza. Alisema katibu si mkwe, katibu ni ofisi. Hata hivyo, tukisafiri kwa lori alikaa mbele nami nikakaa nyuma, na akitaka kuniambia jambo alilisema kwa sauti kuelekea dirishani.

Sasa niseme habari ya zahanati, maana bila hiyo Mwenyekiti angekuwa mzee mwenye kiatu tu.

Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mahali ni harambee. Wanawake walipandisha mchanga kutoka ziwani, wanaume wakachoma matofali, mabati yakachangwa. Mimi nilibeba mchanga kuliko wengi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amenifia barabarani, mbele ya Magunga, juu ya lori la samaki, kabla hatujaiona Homa Bay. Nilikuwa na mimba tena, changa, na mume wangu alikuwa Kericho kwenye chai. Nilitaka jengo lile lisimame kabla ya siku zangu, na mkunga awe ndani yake. Sikutaka kingine chochote duniani.

Afisa wa afya akaja kutoka Homa Bay, akaita baraza, akatusifu. Kisha akasema maneno yaliyotuponza. Alisema jengo likijengwa kwa kiwango kilichochapishwa, serikali italeta mkunga na dawa. Lisipojengwa hivyo, litakuwa ghala la mahindi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama Mwenyekiti, nikaona uso wake umeng'aa kama mtu aliyeitwa kwa jina mbinguni, nikajua tumekwisha.

Kesho yake mafundi walikuja na pima maji zao. Mwenyekiti akawarudisha. Hakuna tofali litakalowekwa, alisema, mpaka tukione hicho kiwango kwa macho.

Tukaenda Homa Bay. Ofisi ya afya ikasema kiwango kipo, lakini hakiko pale, kiko ofisi ya ujenzi. Ofisi ya ujenzi ikasema kipo, lakini kimefungiwa kabatini na mwenye funguo yuko likizo kwao, na kwao ni mbali. Karani alitushauri kwa upole twende kununua chetu. Kinanunuliwa wapi? Kwa mpiga chapa wa serikali, Nairobi. Mwenyekiti alikuwa na shemeji dereva, akamtuma, na shemeji akarudi na jibu kwamba Nairobi wanauza sheria, viwango vyenyewe vinachapishwa Ulaya na chama cha wataalamu, na Kisumu kuna duka la vitabu linaloviagiza. Tukaenda Kisumu. Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole sana, akasema ataagiza kwa furaha, tumpe tu namba ya kiwango. Namba inapatikana wapi? Katika orodha ya viwango. Na orodha inapatikana wapi? Inaagizwa pia, alisema, tumpe tu namba ya orodha.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka nikalia. Mwenyekiti alitoka nyuma yangu ameridhika kabisa. Alisema sasa tumejua angalau kwamba kipo.

Mwenye duka ndiye aliyetuokoa. Alitufuata nje na kikombe cha chai, akasema upande wa Migori kuna mgodi unaofungwa, wahandisi wameondoka, na siku zao waliagiza kwake viwango vya kila aina. Vitabu vile vilikuwa vizito, hadhani kama walivibeba.

Mgodini hakukuwa na mtu ila mlinzi, Mkuria mwenye koti refu, aliyekuwa akilinda mashimo.

"Hapa hakuna mtu," alituambia.

"Hatutafuti mtu," Mwenyekiti akasema. "Tunatafuta standadi."

Mlinzi alifikiri kidogo, akasema hizo ziko, zimejaa nyumba. Lakini yeye alipewa funguo, hakupewa ruhusa. Kusoma, tutasoma. Kutoka nacho, hapana, hata karatasi moja. Mwenyekiti akamshika mkono kwa heshima kubwa, akaniambia baadaye kwamba huyo ndiye mtumishi wa kweli wa kwanza tuliyekutana naye.

Chumba kilijaa rafu, na rafu zilijaa viwango. Viwango vya kamba za waya, vya ndoo za kuvutia mawe, vya koleo na vya buti. Mwenyekiti alivua kofia mlangoni. Akasoma vya misumari kwa sauti, akifuatisha kwa kidole, na kila alipofika mwisho alisema "kumbe" kwa furaha. Tulilala kwa shangazi yangu jirani na hapo, na kila asubuhi alinitangulia. Cha majengo ya wagonjwa kilikuwepo, nilikiona mimi siku ya kwanza kabisa. Lakini ndani yake kiliandikwa kwamba kisomwe pamoja na kiwango cha matofali. Cha matofali kikasema kisomwe pamoja na cha saruji, cha saruji kikataja cha magunia, na cha magunia kikataja cha uzi wa kushonea magunia. Vyote tulivipata isipokuwa cha uzi.

Mwenyekiti akafunga vitabu. Alisema kwa masikitiko kwamba kazi haiwezi kuanza kabla ya uzi, na turudi Kisumu tukaagize.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo unaniuma. Sikupaza sauti.

"Mwenyekiti, wa kwanza alinifia barabarani," nikasema. "Huyu naye nimwambie angoje uzi?"

Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo mkwe hafanyi. Mlinzi akaona haya, akatoka nje.

"Uzi tutauruka," akasema.

Kwa kuwa kitabu hakitoki, alibuni njia. Aliniomba nisome, naye akatoka uwanjani akaipima zahanati nzima juu ya ardhi ya mgodi kwa kiatu chake, ukuta kwa ukuta, akiweka mawe kwenye kona. Mlinzi aliposikia ni zahanati, aliwaambia majirani, na kabla ya adhuhuri walifika kina mama na watoto wenye kikohozi wakakaa ndani ya mawe, chumba cha kungojea. Ilituchukua muda kuwaeleza kwamba zahanati yenyewe inakwenda Kisegi. Wakaondoka wakituona wezi. Kisha Mwenyekiti akachukua kamba ndefu ya katani, akafunga fundo kwa kila kona, dirisha na mlango, akaivingirisha begani. Kiwango kilikuwa kimetoka bila karatasi moja kutoka, na mlinzi alisimama kutupigia saluti.

Kwenye lori la kurudi, mfanyabiashara mmoja aliona kamba nzuri, akamfungia ndama wake, na ili ifike akafungua fundo moja, la kona ya chumba cha dawa. Mwenyekiti alikuwa mbele, hakuona. Mimi niliona nikiwa nyuma, nikapiga kelele, lakini tulikuwa kwenye mtelemko. Tulijenga kwa kufuata kamba ile, ndiyo maana chumba cha dawa ni kirefu kuliko akili inavyokubali. Afisa alipokuja kukagua aliuliza mbona hivi, na Mwenyekiti akamjibu akitazama mbele kwamba hapo pana nafasi ya ndama. Afisa akaandika kitu, hakuuliza zaidi. Jengo likapita. Mkunga akaletwa, msichana mchangamfu wa kutoka Rongo, na vitanda na sanduku la dawa.

Na hakuna mwanamke aliyeingia.

Mkunga alikaa mlangoni siku nenda siku rudi akisuka nywele zake mwenyewe. Nilidhani ni uoga wa sindano. Haikuwa hivyo. Wazee walisema jambo ambalo sisi wote tulilijua na wote tulilisahau kwa kelele za harambee: ile nyumba haina mwenyewe. Kwa chik, yaani mila yetu, mji mpya, boma la mtu na jamaa yake, hufunguliwa na mwanamume. Huenda alfajiri na mkewe aliyebeba moto, na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka na jogoo, wakalala hapo. Nyumba ambayo hakuna aliyeifungua hivyo si nyumba, ni kichaka chenye mabati, na mwanamke hazalii kichakani bila kumletea mtoto chira, laana ya kukonda mpaka kufa. Tulikuwa tumejenga zahanati ya watu wote, maana yake si ya mtu yeyote.

Mwenyekiti alipinga. Aliwauliza wazee hilo limechapishwa wapi. Wakamwambia halikuchapishwa. Basi yuko nani anayelijua kikamilifu, na je, linaruhusu nyumba ya serikali? Mzee wa kwetu akasema kwa nyumba ya serikali hana hakika, akaulizwe mzee mmoja wa Magunga. Tukaenda, mimi na tumbo langu ambalo sasa lilitangulia kufika kila mahali. Wa Magunga akasema anayejua zaidi ni kaka yake mkubwa aliye Kisegi sokoni. Kaka yake akasema yeye jambo hilo alifundishwa na mzee wa kijijini kwetu, yule yule wa kwanza. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwenyekiti hakucheka. Alikaa juu ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, akavua kofia, akasema polepole kwamba huko Kisumu angalau walitupa chai.

Jioni ile alizungumza na mkewe. Sijui walisemezana nini. Kufungua mji si mchezo wa siku moja. Aliyefungua mji mpya harudi tena kulala katika ule wa zamani, na mji wao wa zamani, na nyumba yake iliyoegemea, ndimo walimozika watoto wao. Asubuhi nilimkuta mama akifagia makaburi yale madogo, nikajua watakaoifungua zahanati ni wao.

Siku waliyochagua nilikuwa nimeamka na maumivu, nikayanyamazia. Kulikuwa kumepambazuka, watu wamejaa njiani. Mwenyekiti alikuwa na kiatu chake, mkewe ana kigae cha moto. Shoka lilikuwa chini, na jogoo amefungwa miguu kando yake. Hapo msafara ukasimama. Nani anabeba shoka? Mwana wa kwanza hayupo. Wazee wakaanza kubishana kuhusu mpwa, kuhusu mtoto wa kuazima, kuhusu kama jogoo anaweza kujibebea. Mwenyekiti alikuwa anatazama ziwa. Sijawahi kumwona mtu akiaibika kwa kitu ambacho si kosa lake kama nilivyomwona siku ile, na moyo wangu ulivunjika.

Uchungu ukanipiga tena. Nikainama, na kwa kuwa nilikuwa nimeshainama, nikaokota shoka.

"Mwanamke habebi hilo," mzee mmoja akasema.

"Anayebeba yumo ndani," mke wa Mwenyekiti akajibu, akaokota jogoo akanikabidhi. "Twendeni, moto unazima."

Tukaenda. Wazee walitufuata wakijadili kama mtu ambaye bado hajazaliwa anaweza kushika mpini. Tulipofika mlangoni sikuweza tena kusimama. Mkunga wa Rongo alinipokea pamoja na shoka na jogoo, na jogoo huyo alikaa juu ya sanduku la dawa mpaka kazi ikaisha, kabla jua halijapanda kichwani. Mtoto alilia kwa nguvu. Mimi nililia zaidi.

Alikuwa msichana. Wazee waliokuwa nje wakapata tena la kubishana, maana hesabu yote ilikuwa imesimama juu ya mvulana. Mwenyekiti aliwatokea mlangoni, akawauliza, kwa upole mkubwa, nani kati yao anaweza kuonyesha mahali palipoandikwa kwamba lazima awe mvulana. Hakuna aliyeweza. Wiki hiyo hiyo wanawake wakaanza kuja.

Ndivyo Mwenyekiti alivyokuwa mwenye mji wa zahanati. Alijenga kibanda langoni, akahamia na mkewe, kuku na mbuzi. Kila mama aliyejifungua alisalimiwa naye asubuhi kama mgeni wa nyumbani, akaulizwa amelalaje, na watoto wote waliozaliwa pale aliwaita wajukuu. Wengine waliingiwa na hofu kwamba watoto waliozaliwa mji mmoja ni ndugu na hawataoana wakikua. Alipelekewa swali hilo, akasema litatazamwa wakishaota meno.

Maofisa hawakumpenda. Kila aliyekuja kukagua alimkuta mbuzi barazani, akasema kiwango hakiruhusu. Naye kila mara alijibu vile vile: nionyeshe. Waliandikiana na Homa Bay, Homa Bay ikaandikia Nairobi, na kabati lile la ofisi ya ujenzi nadhani halijafunguliwa mpaka leo. Hakuna aliyekuwa na kitabu, na bila kitabu hawakuweza kumtoa mtu aliyekuwa akiuliza kitabu kiko wapi.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, muongo ule ulikuwa unaisha. Nilikuwa kwenye foleni ya wajawazito, tumbo la tatu. Mwenyekiti alikuwa ameketi langoni, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, mikono imekonda. Landrova ikaja. Akashuka afisa mpya, kijana nadhifu wa kutoka pwani, asiyejua neno la Kijaluo, na chini ya kwapa alikuwa nacho. Kilichapishwa, kina mhuri. Sijui alikipata wapi.

"Mzee," alisema kwa adabu, "kitabu ulichokuwa ukikiuliza ndicho hiki. Nimekisoma chote. Hakuna mahali kinaposema mtu akae na familia yake na mifugo ndani ya uwanja. Itabidi uhame."

Kila mwanamke pale alijua maana yake. Kwenye mji wa zamani hawezi kurudi, na akitoka hapa nyumba inabaki bila mwenyewe, nasi tunarudi kwenye lori la samaki. Mwenyekiti alinyosha mikono, afisa akampa kitabu, naye akakipapasa jalada, akakinusa, akapima ukubwa wake kwa kiganja. Ilinichoma roho kuona jinsi alivyofurahi kukishika.

"Katibu yuko?" akauliza.

Nikasema niko.

"Nisomee pale kwa mwenye mji. Soma kwa Kijaluo, Kiingereza changu kimekwenda na macho."

Nilifungua, nikatafuta kwa kweli. Afisa hakudanganya. Palikuwa na mifereji, na upana wa madirisha, na kina cha choo, na mtu mzee hakuwamo popote. Niliinua macho nikaona foleni inanitazama, na mkunga amesimama mlangoni na beseni. Nikainamisha kichwa nikasoma kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayetafsiri maneno magumu. Nilisoma kwamba kila zahanati iwe na mzee langoni, pamoja na mkewe, awasalimie wanaokuja na kuwauliza wamelalaje, na kwamba mzee huyo asihamishwe na ofisi yoyote.

Mkunga alianza kuhesabu pamba kwenye beseni kwa bidii sana. Afisa akamwuliza imesomwa nini.

"Ile iko kwa kitabu," mkunga akasema bila kuinua uso. "Mzee amekubali. Atafuata kitabu yote."

Afisa alifurahi. Alimpa Mwenyekiti mkono, akasema angetamani wazee wote wawe waelewa hivyo, akamwachia kitabu kama zawadi, akapanda Landrova akaenda zake.

Midomo ya Mwenyekiti ilichezacheza.

"Ukurasa wa ngapi?" akaniuliza.

Nikamtajia namba iliyonijia.

"Basi kuna mengine mengi kabla ya hapo," akasema. "Kiwango hakisomwi katikati, Katibu. Anza mwanzo."

Wanawake wakasogea, mmoja akanisukumia kigoda. Nikakaa, nikaweka kitabu juu ya tumbo, nikafungua ukurasa wa kwanza, uliokuwa na mchoro wa mfereji wa maji machafu, nikaanza kumsomea jinsi mlango unavyopaswa kumpokea mama aliyekuja peke yake.